Mukwe Wangu Amenipiga

Baba mkwe wangu alishuka kutoka boti la Kilwa, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, akiwa na masanduku mawili ya nguo, mwavuli, na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Masanduku aliwaachia wapagazi. Mkebe aliubeba mwenyewe kutoka ufukweni hadi nyumbani kwetu, ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Mume wangu alipotaka kumpokea, alikataa kwa kichwa tu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka ule vita ilipoanza tena ng'ambo. Mzee alikuwa amefanya kazi ya ukarani wa reli kule Likasi karibu maisha yake yote. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wametawanyika, na treni zilikuwa zikipita pale zinapojisikia. Mume wangu alimtumia barua: kuja huku Nchelenge, kuna samaki na kuna usingizi. Na yeye akaja.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Pweto, nikaolewa na mwanamume aliyekuwa akinunua samaki visiwani na kuwauzia wafanyabiashara wa Lubumbashi na wa migodi ya Copperbelt. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Zambia, kati ya boma la Nchelenge na soko la Kashikishi, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ziwa lote la Mweru, na siku isiyo na ukungu unaona hata milima ya Kongo. Kazi yangu ilikuwa kuanika chisense, wale dagaa wadogo weupe wa ziwa letu, na kuwafunga kwenye magunia.

Sasa, mtu asiyejua mila zetu lazima aelezwe jambo moja. Mwanamke na baba wa mume wake hawakai uso kwa uso. Unampelekea maji ukiwa umepiga magoti, unaweka chini, unarudi nyuma. Humtazami machoni. Huketi kwenye kiti alichoketi. Mwezi wake wa kwanza kwetu, mazungumzo yangu yote na mzee yangeweza kuandikwa nyuma ya bahasha.

"Mulilala muzuri, papa?"

"Nililala, mama."

"Bukari iko tayari, papa."

"Merci, mama."

Basi. Mimi niliridhika hivyo, na nadhani na yeye pia.

Mwezi wa kumi na mbili serikali ilifunga ziwa, kama kila mwaka, ili samaki wazae. Miezi mitatu hakuna nyavu. Ufuko wote ulinyamaza. Mume wangu alivuka kwenda Kongo kutafuta biashara nyingine, unga na sabuni, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa majuma mawili. Mimi sikuwa na cha kuanika. Na mzee, aliyekuwa amezoea kuamka na saa ya stesheni, alikaa barazani bila kazi, akafungua mkebe wake.

Ndani yake kulikuwa na vipande vya sataranji, vya mbao, vyeusi na vya njano. Yeye aliita mchezo huo eshek. Ubao aliutengeneza upya kwa kifuniko cha sanduku la chai, akachora nyumba sitini na nne kwa rula na wino. Kipande kimoja cheusi kilikuwa kimepotea safarini, ule mnara wa pembeni, na mahali pake akasimamisha bujia, yaani plagi, ya zamani ya injini ya boti ambayo mume wangu alikuwa ameitupa. Kisha akaanza kucheza peke yake. Alicheza upande wa njano, akazunguka meza, akaketi upande wa pili, akafikiri, akacheza weusi. Akazunguka tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima, kwa uzito uleule wa mtu anayesahihisha karatasi za serikali.

Jiko langu lilikuwa kibanda kilichoelekea baraza. Nilikaa pale nikichagua mawe kwenye maharage, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, nilitazama ubao. Siku za kwanza sikuelewa lolote. Baadaye nikaanza kugundua tabia. Huyu wa pembeni anakwenda moja kwa moja, kama gari la moshi. Huyu mwenye kichwa kilichopasuka anakwenda kimshazari. Hawa wadogo wa mbele wanakwenda mbele tu na hawarudi, lakini wanakula kwa mshazari. Farasi alinisumbua juma zima. Nilidhani mzee anakosea. Mpaka siku moja, nikiwa natwanga karanga, nikamwona farasi akiruka juu ya wenzake, mbili mbele na moja pembeni, na mchi ukanisimama mkononi. Nikasema moyoni: kumbe!

Kuanzia hapo nilicheza naye bila yeye kujua. Nikikisia atakachofanya, mara nyingi nakosa, mara chache napata. Nilipopata, furaha yake ilikuwa ya ajabu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Halafu siku moja ya mwezi wa kwanza, mvua imekatika, nilimpelekea maji ya kunywa. Nilipiga magoti, nikaweka kikombe. Macho yangu yaliinuka kidogo tu, yakaangukia ubao. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika askari, mmoja wa wale wadogo wa njano. Na mdomo wangu ukasema, wala sikuutuma:

"Papa, farasi yenu itakufa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke ameleta maji, na sasa anamrekebisha baba wa mume wake! Mzee aliurudisha mkono wake polepole, akautazama ubao kwa muda mrefu. Kweli, kichaa mweusi, maana ndivyo Kifaransa kinavyomwita yule mwenye kichwa kilichopasuka, alikuwa amejificha pembeni kabisa, akimlenga yule farasi.

"Ni kweli," alisema. "Nenda, mama."

Nilikimbilia jikoni. Usiku huo sikumwambia mtu. Kesho yake asubuhi alinikoholea, maana hakuniita kwa sauti, alikohoa tu mara mbili akielekea jiko.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu, papa. Nilikuwa naangalia."

"Farasi inaenda namna gani?"

Nikamwambia. Akaniuliza mnara, nikamwambia. Akauliza mfalme. Nikasema huyo anaenda nyumba moja moja kama mutu mwenye kuumwa magoti. Nilisikia sauti ndogo, na baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa amecheka.

Alifikiri kwa siku mbili jinsi ya kucheza nami bila kuvunja mila. Siku ya tatu alichukua kasha la samaki, akaliweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyumba. Ubao juu yake. Yeye aliketi nje, kwenye kiti, amegeuka ubavu akitazama ziwa. Mimi nikaketi ndani, juu ya mkeka, nimegeuka ubavu nikitazama ukuta. Kati yetu kulikuwa na kizingiti. Hatukuwa uso kwa uso. Kila mmoja aligeuza shingo anapocheza, kisha akarudi kutazama upande wake. Mzee alikuwa karani, na karani siku zote hupata njia ndani ya sheria.

Mara ya kwanza alinimaliza kabla maji ya bukari, ugali wetu, hayajachemka. Mara ya pili, kabla hayajapata moto. Nilipenda kumtoa mama mapema. Ndivyo tulivyomwita malkia, kwa kuwa Wafaransa humwita bibi. Nilimwona ana nguvu kuliko wote, basi nikamtuma mbele akapigane. Mzee alileta farasi, akaleta kichaa, mama yangu akakimbizwa uwanja mzima kama kuku wa sikukuu.

"Juu ya nini unatuma mama kwa vita peke yake?" alisema, akitazama ziwa. "Batoto yake beko wapi? Beko bado kulala!"

Hakuwa mwalimu mzuri. Nikikosea alifyonza meno. Nikikawia aligonga vidole kwenye kasha. Siku moja nilimpoteza mama mara mbili mfululizo, na mzee akainuka, akaenda kutembea. Nilibaki pale nikiwa na machozi, mwanamke mzima, kwa sababu ya kipande cha mbao. Aliporudi alikuwa na embe mbili kutoka sokoni. Aliweka moja upande wangu wa kizingiti.

"Mimi nilijifunza miaka tatu mbele ya kupiga mutu mu huu muchezo," alisema. "Alor. Sikia. Mbele ya kugusa kitu, uulize kwanza: huyu mutu anatafuta nini? Si weye unatafuta nini. Yeye."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko yote. Kabla ya hapo nilikuwa nacheza kama mtu anayepita sokoni akitazama viatu vyake. Sasa nikaanza kumtazama mwenzangu. Mchezo ukarefuka. Maji yakachemka, nikasonga bukari, tukala kila mtu mahali pake, tukarudi, na mfalme wangu bado alikuwa hai. Nilinunua daftari la shule, nikachora ubao mdogo, nikaandika pale nilipokosea. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "mama" mara tisa.

Mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa. Ufuko ukajaa mitumbwi na kelele, na chisense wakaanza kuja kwa ndoo. Hapo ndipo shangazi wa mume wangu aliponikamata.

Shangazi huyu alikuwa mdogo wake mzee, mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mwenye kupenda watu lakini mwenye kupenda adabu zaidi. Kwa miezi miwili alikuwa ameona kasha pale kizingitini akajizuia. Siku hiyo nilikuwa nimeanika chisense wa ndoo sita juu ya nyavu kwenye mchanga. Jua lilikuwa kali. Nikasema nicheze mchezo mmoja tu. Nilikuwa na askari wawili zaidi ya mzee, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nilikuwa nahesabu: nikila hapa, akila pale. Sikusikia upepo. Sikusikia watu wakiitana ufukweni. Nilichosikia ni mvua ikipiga bati juu ya kichwa changu kama mchanga uliomwagwa.

Nilitoka mbio. Nilikusanya nilichoweza ndani ya kanga. Waliobaki walikuwa uji. Na shangazi alikuwa pale, ameloa, ameshika ndoo mbili alizokwisha niokolea.

"Weye unacheza, chisense inaoza!" alipiga kelele. "Wapi uliona mutu anaikala na bukwe yake mulango moja, banaongea kama batoto ya shule? Bwana yako akirudi nitamwambia nini?"

Chisense waliooza huwezi kujitetea mbele yao.

Mzee alisimama barazani, amefunua mwavuli wake, uso wake umejikunja. Nilidhani ataniachia lawama, maana ndivyo wazee wengi wangefanya. Badala yake alishuka mle ndani ya mvua, akaokota ukingo wa wavu kwa mkono mmoja, akamwambia dada yake, "Kosa ni yangu. Mimi njo mwenye kuangalia ziwa. Yeye aliangalia ukuta."

Kesho yake alfajiri nilimkuta ufukweni kwenye mchanga, ameketi kwenye kiti chake cha barazani, fimbo mkononi, akifukuza kuku na bata wasile chisense. Wanawake waanikaji walikuwa wakimtazama na kucheka wakijifunika kwa vitambaa vyao. Karani wa reli, na kofia yake! Alikaa pale hadi saa sita, na kila wingu lilipotokea upande wa kisiwa cha Chisenga aliniita.

Mume wangu aliporudi, shangazi alimweleza yote. Nilisikiliza nikiwa jikoni. Alipomaliza, mume wangu alianza kucheka.

"Huu muchezo, papa alitaka kunifundisha na fimbo," alisema. "Nilikuwa natoroka kwa dirisha. Kama amepata mutu wa kucheza naye, shangazi, mimi nashukuru Mungu. Acha bacheze. Lakini chisense ikishaingia mu magunia."

Hiyo ikawa sheria ya nyumba. Shangazi aliikubali kwa shingo upande.

Wakati wa baridi, mwezi wa sita, mtu wa tatu aliingia katika mchezo wetu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, kijana wa kabila la Wabemba, anayejua Kiswahili cha sokoni tu kama Wazambia wengi wa pale. Alikuja kununua gunia la chisense, akaona ubao kizingitini, akasahau gunia.

"Bamayo, mama, nani anacheza chesi hapa?"

"Mimi na papa."

Aliomba mchezo mmoja. Mzee alinisukumia ubao, akaniambia nicheze mimi. Nilishindwa, lakini baada ya saa nzima, na mwalimu alikuwa amevua koti lake ingawa kulikuwa na baridi. Katikati ya mchezo tulizozana, kwa sababu nilimwambia mwalimu, "Tichala, muangalie kichaa yenu."

"Kichaa gani?"

"Huyu."

"Huyu ni askofu!"

"Kwetu ni kichaa."

Mwalimu alikigeuza kile kipande, akakitazama kichwa chake kilichopasuka. "Kwetu anavaa kofia ya kanisa," alisema. "Namna gani awe kichaa?"

Mzee, akitazama ziwa, alisema kwamba amewafahamu wachache waliokuwa vyote viwili, na mwalimu akacheka mpaka akaangusha bujia.

Alikuwa anakuja kila Jumamosi. Aliniazima kijitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza. Sikuweza kusoma maneno, lakini picha za ubao hazina lugha. Nilizinakili kwenye daftari langu moja moja. Zilizonipendeza ni zile za mwisho, wakati uwanja umebaki mtupu, wafalme wawili na askari mmoja. Unadhani hapo hakuna la kufikiri tena. Kumbe hapo ndipo hatua moja ina uzito wa gunia. Wafalme wakisimama wakitazamana, nyumba moja tupu kati yao, anayelazimika kusogea ndiye anayepoteza njia. Niliyafikiria hayo nikipepeta, nikifua, nikimnyonyesha mdogo. Mwalimu nilimpiga mara ya kwanza mwezi wa nane. Aliinuka, akanipa mkono kwa mikono miwili, kwa heshima ya Kibemba, akanunua magunia mawili.

Lakini mzee sikuwahi kumpiga.

Ikaja siku moja ya mwezi wa kumi, wakati wa joto, kabla ya mvua. Chisense walikuwa tayari kwenye magunia. Tulikuwa tumecheza tangu saa nane na tumekulana mpaka uwanja ukabaki mtupu. Nilikuwa na mfalme na askari mmoja ambaye hakuwa ameondoka mahali pake tangu mwanzo. Yeye alikuwa na mfalme peke yake. Wafalme wetu walikuwa wakitazamana, nyumba moja kati yao, na zamu ilikuwa yangu.

Niliiona. Ilikuwa kwenye daftari langu, karibu na ukurasa wa mwisho. Askari ambaye hajasogea anaweza kwenda nyumba moja au mbili. Nikienda mbili, mfalme wake atapata njia ya kumzuia, na tutagawana. Nikienda moja tu, zamu inarudi kwake, atalazimika kunipisha, na askari wangu atafika mwisho awe mama.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya nyusi. Huyu ni baba wa mume wangu. Nampigia magoti kila asubuhi. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba mfalme wake amekufa?

Nikamsogeza askari nyumba mbili.

Mzee hakucheza. Kwa mara ya kwanza tangu aje Nchelenge, aligeuka kabisa kwenye kiti chake na kunitazama usoni.

"Mama, uliona."

"Hapana, papa. Sikuona."

"Uliona. Jicho yako ilifika pale, ikarudia." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mwaka muzima ninakufundisha, halafu unanionea huruma? Mimi njo mutu wa kuonea huruma? Na ule tichala, yeye ulimuonea huruma?"

"Hapana, papa."

"Rudisha ule askari."

Nikamrudisha.

"Cheza sasa."

Nikamsogeza nyumba moja. Mzee aliguna. Alisogeza mfalme wake pembeni, wangu akafuata, akasogeza tena, tukaendelea hivyo, kimya kimya, hata kuku walikuwa na kelele kuliko sisi. Askari wangu alifika mwisho. Nilimwondoa, nikaweka mama mahali pake. Hatua chache baadaye mfalme wake alikuwa ameishiwa nyumba. Sikuweza kulisema lile neno la mwisho, kwamba mfalme amekufa. Mzee alilisema mwenyewe, kwa Kifaransa, wazi wazi, kama mtu anayetangaza treni, akamlaza mfalme wake ubavu.

"Bon," alisema. "Letea mimi maji."

Nilimletea, nimepiga magoti. Alikunywa yote. Nilirudi jikoni nikafunika uso kwa kanga na kucheka bila sauti, mpaka mtoto wangu mkubwa akaniuliza kama nalia.

Kesho yake asubuhi mzee alivaa kofia yake na kwenda Kashikishi, kwenye gati ambako boti za visiwani hupakia. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hutafuta watu. Alimkuta muuza mafuta ya taa, Mzambia, akamwambia kwa sauti:

"Jana mukwe yangu amenipiga!"

"Amekupiga? Mukwe? Mwanamuke?"

"Ee! Amenipiga muzuri! Vreman, kweli kabisa, sikuwa na namna."

Sasa, muuza mafuta alijua Kiswahili cha kuuzia mafuta. Kwetu Kongo, kumpiga mtu mchezoni ni kumshinda tu; kwa Kibemba, kumpiga mtu na kumshinda mtu mchezoni ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Aliwaambia wenzake kwa Kibemba lile la fimbo na ngumi. Walimtazama mzee akienda zake, mwembamba, na kofia yake, wakatikisa vichwa: anajikaza, maskini, hata anacheka. Boti la saa nne likaondoka kwenda Chisenga na habari ndani yake.

Mimi nilikuwa napepeta chisense, sijui lolote, nilipoona wanawake wa ufukweni wananisogelea kisha wananihama. Mmoja aliuliza kama mzee amelala salama. Nikasema salama kabisa. Alinitazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kikapu.

Saa tisa alifika shangazi na mama wawili wa kanisa, wamefunga vilemba vya kwenda msibani. Hawakuketi.

"Yaya iko wapi?" shangazi aliniuliza juu ya kaka yake.

"Iko nyuma, anaoga."

"Anaoga vidonda?"

Kabla sijaelewa, mume wangu aliingia uani akikimbia, suruali imeloa mpaka magotini, maana aliruka kabla boti halijafika. Alikuwa amelipata neno kisiwani, na kufikia hapo habari ilisema nimemvunja baba yake mkono.

"Ulifanya nini na papa?" alisema, akihema.

"Nilifanya nini?"

"Batu bote banasema ulimupiga!"

Hapo nikaelewa, na ubaya ni kwamba kicheko kilinijia. Nilijaribu kukizuia, kikatoka puani. Mama mmoja wa kanisa akafanya ishara ya msalaba. Mzee alitokea nyuma ya nyumba, taulo shingoni, fulana safi, mikono yote miwili mizima, akashangaa kuona baraza lake limejaa.

"Papa, ni kweli alikupiga?" mume wangu aliuliza.

"Ni kweli," alisema mzee.

Shangazi alipiga ukelele. Ilichukua muda kumnyamazisha. Mzee alipoelewa hatimaye kilichotokea hakucheka. Aliona ni jambo zito, lililohitaji ushahidi. Aliingia ndani, akatoa ubao, akawaketisha wote, shangazi na mama wa kanisa mbele, akapanga wafalme wawili na askari mmoja.

"Muangalie," alisema. "Hapa njo alinipigia."

Aliwaonyesha hatua zote. Aliwaonyesha pia lile kosa la kwanza, nyumba mbili, na jinsi alivyonirudisha. Mama wa kanisa walifuata kwa vidole, wakiuliza. Shangazi alikaa amekunja mikono. Mwishoni, mzee alipomlaza mfalme, dada yake ndiye aliyeinama juu ya ubao.

"Juu ya nini hakukimbia huku?" aliuliza, akionyesha kona.

"Haiko njia," alisema mzee.

"Iko."

Walibishana, kaka na dada, hadi chai ikaiva. Mume wangu aliketi kwenye ngazi, akavua viatu vilivyojaa maji, akanitazama na kutikisa kichwa polepole. Kisha alicheka mpaka akalala chali. Jioni ileile ilibidi arudi sokoni kumweleza muuza mafuta, na muuza mafuta akawaeleza wa boti, lakini habari ya pili haina mbio kama ya kwanza. Kwa miezi kadhaa watu wa kisiwani walinisalimia kwa heshima iliyozidi.

Mzee aliniomba mchezo wa marudiano juma lile lile, akanishinda, na uliofuata pia. Sikuwa mchezaji mkubwa, na sijawa mpaka leo. Kati ya michezo mitano, nilipata mmoja, baadaye miwili. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Kasha la samaki lilibaki kizingitini, kila mtu na upande wake, ila mzee hakutazama tena ziwa muda wote. Alianza kuniuliza mambo. Pweto kulikuwaje nilipokuwa mdogo. Baba yangu alivua kwa nyavu gani. Na mimi nikamwuliza kuhusu Likasi, kuhusu stesheni, kuhusu mke wake ambaye sikumkuta. Alisema alikuwa mwanamke aliyeimba akiosha vyombo, na kwamba tangu afe, vyombo vinaoshwa kimya.

Mwezi wa kumi na mbili ziwa lilifungwa tena. Mwalimu alikuwa kwenye likizo, akawa anakuja hata siku za kazi. Mchana mmoja wa mvua alicheza na mzee barazani huku mimi nikiwa jikoni. Sikuuona ubao kutoka pale nilipokaa, mgongo wa mwalimu ulikuwa umeuziba. Nilisikia tu vipande vikigongwa, kisha vidole vya mzee vikianza kugonga kasha, kisha ukimya mrefu, kisha mwalimu akivuta pumzi. Nikaongeza unga kwenye sufuria. Nilijua bila kuona kwamba mchezo ulikuwa bado mbali na kwisha, na mwalimu angekula kwetu.